Draiva, spini na hewa ya Dodoma: pimwa kwanza kabla hujanunua fimbo ya "spini ndogo"

UpepoWaNzuguni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linaniuma kwa wenzangu tunaopiga gofu huku Dodoma. Mtu akishika hela kidogo anaagiza draiva (fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza) ya spini ndogo, kwa kuwa muuzaji kamwambia spini inakula yadi. Analipa, fimbo inafika, halafu mpira unaanza kudondoka mapema kuliko ule wa fimbo yake ya zamani. Hapo anaanza kusema swingi imeharibika. Swingi haina tatizo. Mpira umenyimwa kile kinachoushikilia hewani.

Spini ninayoisema hapa ni mzunguko wa kurudi nyuma, yaani upande wa juu wa mpira unazunguka kuja kwako wewe uliyepiga. Unahesabiwa kwa mizunguko kwa dakika. Mpira unaozunguka hivyo unaisukuma hewa iliyo nyuma yake kwenda chini, nao unasukumwa kwenda juu. Mjerumani Heinrich Gustav Magnus aliieleza nguvu hiyo mwaka 1852. Aliyeileta kwenye gofu kwa umakini ni Profesa Peter Guthrie Tait wa Edinburgh, miaka ya 1890. Alionyesha kwamba mpira uliopigwa vizuri unakaa hewani muda mrefu kuliko mvutano wa dunia ungeruhusu, na sababu ni mzunguko huo. Mwanawe Freddie alikuwa mchezaji hasa, alibeba ubingwa wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1896 na tena 1898. Kwa hiyo wazo la kwamba spini ni adui limekuja baadaye sana, na limekuja kwa watu wenye kasi kubwa ambayo wengi wetu hatuna.

Spini inatoka wapi? Chukua pembe mbili. Ya kwanza ni lofti halisi, yaani ulalo wa uso wa fimbo pale unapogusa mpira, siyo ile iliyochapishwa chini ya kichwa. Ya pili ni pembe ambayo kichwa kinaingilia, kikiwa kinashuka au kinapanda. Toa ya pili kwenye ya kwanza, kupanda ukikuhesabu chanya na kushuka hasi. Lofti ikiwa digrii 14 na kichwa kinapanda digrii 3, tofauti ni 11. Lofti ikiwa hiyohiyo 14 lakini kichwa kinashuka digrii 3, tofauti inakuwa 17 na spini inapaa. Tofauti ikipanuka spini inaongezeka, ikibana inapungua. Juu ya hapo weka sehemu ya uso uliyopigia, ambayo nitaifikia.

Sasa tazameni wastani wa TrackMan, ile mashine ya rada ya kupima mipira, uliozunguka kwa miaka mingi. Wanaume wa PGA Tour, mapro wa Marekani: kasi ya kichwa maili 113 kwa saa, pembe ya kurukia digrii 10.9, spini 2,686. Wanawake wa LPGA, mapro wenzao: kasi maili 94, pembe 13.2, spini 2,611. Wanawake wana kasi ndogo kwa maili 19, na bado spini yao inakaribia kulingana na ya wanaume. Hawakuishusha hadi 1,800 ili wapate yadi. Walichofanya ni kupiga wakipanda, wastani wa digrii 3 juu, wakati wanaume wanashuka digrii 1.3. Yadi zao wanazipata kwenye pembe ya kurukia. Mwanamume wa kawaida wa umri wangu ana kasi ya maili 85 hadi 95, kwa hiyo wa kuiga ni hao akina dada, siyo Bryson DeChambeau, pro wa Marekani mwenye kasi kubwa, aliyewahi kutumia draiva ya digrii 5.5.

Tuje nyumbani. Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban asilimia 10. Hewa nyepesi inapunguza ukinzani, ndiyo maana mpira wako unakwenda mbali zaidi huku. Kanuni ya mkono inayotumika ni kama asilimia 1 ya umbali kwa kila mita 270 hivi, kwa hiyo yadi 230 za Dar huku zinakaribia 239. Ila hewa hiyohiyo inapunguza pia nguvu ya kuinua mpira, na hapo ndipo wengi hawafiki. Spini 2,600 ya Dodoma inainua mpira kidogo kuliko spini 2,600 ya Dar. Ukiwa na kasi ndogo, ukapunguza na spini, ukapiga na chini chini, umekata miguu yote ya kiti.

Kinachowadanganya watu ni ardhi. Mvua zikishaisha mwezi wa nne au wa tano, udongo wetu unakauka na mpira wa chini chini unakimbia, unapita mawe na miiba, mtu anashangilia. Panda SGR Jumamosi asubuhi uende Morogoro ukaupige mpira uleule penye nyasi, utaona unapotua ndipo unapolala. Umbali wa draiva upimwe angani, kutoka kwenye tii (kijiti unachowekea mpira) hadi pale mpira unapogusa chini mara ya kwanza. Ule wa kukimbia ni zawadi ya kiangazi.

Karibuni tujadili.

MzabibuDom

Mkuu umeandika vizuri, ila mbona shafti, ule mpini wa fimbo, hujaigusa? Mimi niliambiwa shafti ngumu ndiyo inayoshusha spini, na kichwa ni mapambo tu.

UpepoWaNzuguni

Mkuu MzabibuDom, shafti ina kazi yake, lakini kwa spini iko nyuma kwenye foleni. Inabadilisha spini pale tu inapobadilisha namna kichwa kinavyofika kwenye mpira: lofti, uelekeo wa uso, na sehemu unayopigia. Watu wawili wakipewa shafti moja, mmoja spini inashuka, mwingine inapanda. Kwa hiyo kauli ya "shafti ngumu inashusha spini" haifai kuwa sheria.

Kwa wengi wetu urefu wa shafti una uzito kuliko ugumu wake. Madraiva mengi ya dukani yanakuja na inchi 45.5 au zaidi, kwa sababu fimbo ndefu inauza. Sheria za gofu zinaruhusu hadi inchi 48, na tangu Januari 2022 mashindano yanaweza kuweka kikomo cha inchi 46. Mtu wa handikapu 20, yaani mchezaji wa kawaida, akishika fimbo ndefu hivyo anapiga mpira kila pembe ya uso isipokuwa katikati. Shika fimbo chini kwa inchi moja, piga mipira kadhaa, uone alama zinavyokusanyika. Jaribio hilo ni la bure.

KediWaZamani

Vijana wangu, nimesoma. Mimi nilibebea watu mifuko miaka mingi kabla hizo mashine hazijafika. Dodoma na upepo ni ndugu, hasa kuanzia mwezi wa sita, unatoka mashariki na kusini-mashariki, na jioni unabeba vumbi. Kila mchezaji akikutana na upepo wa uso anafanya jambo moja: anaizamisha tii, halafu anapiga kwa nguvu zote. Mpira unaanza chini, unapanda wenyewe katikati ya safari, unasimama, unashuka wima. Nimeliona hilo kwa wazungu na kwa weusi, kwa waziri na kwa karani. Mseme nyie wa hesabu, kwa nini?

UpepoWaNzuguni

Mzee wangu, shikamoo. Umegusa kiini chenyewe.

Kichwa cha draiva kina kitovu cha uzito ndani yake. Mpira ukigonga uso juu ya mstari wa kitovu hicho, kichwa kinajipinda kidogo kuelekea nyuma, na mpira unasukumwa kuzunguka upande wa pili, kama gia mbili za baiskeli zinavyozungushana kinyume. Matokeo yake mpira unaruka juu ukiwa na spini ndogo. Ukigonga chini ya mstari huo mambo yanageuka: mpira unatoka chini ukiwa na spini kubwa. Kwa draiva moja na mchezaji mmoja, kutoka sehemu ya chini ya uso hadi sehemu ya juu, spini inaweza kupishana zaidi ya mizunguko 1,000. Hakuna shafti ya dukani inayofanya hivyo.

Kwa hiyo mtu anayezamisha tii ili apite chini ya upepo anaishia kupiga kwa sehemu ya chini ya uso. Kwa kuwa tii iko chini, anashuka na pembe kali zaidi. Kwa kuwa anapiga kwa nguvu, katikati ya uso anaikosa. Spini inapanda kwa njia zote. Kisha upepo wa mbele unaongeza kasi ya hewa inayoupita mpira, na nguvu ya kuinua inakuwa kubwa kuliko siku tulivu. Upepo wenyewe hauongezi mizunguko hata mmoja, ila unaifanya ile iliyopo iwe na nguvu zaidi. Ndiyo huo mpira unaopanda na kusimama.

Mzee, dawa ni tii ileile ya kila siku, nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha draiva, mpira usogezwe nyuma kidogo kwenye msimamo, na swingi ya robo tatu isiyo na haraka. Ukikosa katikati, kosa kwa juu.

Na kwa wote: kabla hujazungumza habari ya kununua, jua unapiga wapi. Chukua chaki ya ubaoni, isage, paka vumbi lake jembamba kwenye uso wa draiva kwa kitambaa kikavu. Piga mpira mmoja. Utaona duara safi pale mpira ulipogusa, na ukitazama vizuri utaona hata alama za vile vishimo vya kwenye ganda la mpira. Piga picha kwa simu, futa, paka tena, rudia. Duara likikaa chini na kisiginoni (upande wa uso ulio karibu na shafti), draiva mpya haitakusaidia lolote. Pandisha tii, simama mbali kidogo, rudi kwenye chaki. Hayo ni mazoezi tu, siku ya mashindano uso uwe msafi.

KediWaZamani

Marahaba. Hapo umenijibu. Enzi zetu tulikuwa tunaangalia sauti, aliyepiga chini ya uso draiva inalia kama imepasuka.

BintiChamwino

Habari zenu kaka zangu. Mimi nimeanza gofu si muda mrefu, natumia draiva ya mume wangu, digrii 9, shafti ngumu. Kwenye mashine moja Dar nilionyeshwa kasi ya kichwa maili 74, pembe ya kurukia digrii 8, spini 2,100. Wakaniambia spini yangu ni nzuri sana, "kama ya mapro". Mbona sasa mpira hauendi?

UpepoWaNzuguni

Dada BintiChamwino, asante kwa kuweka namba zako, maana ndizo hasa nilizokuwa nikizitafuta. Aliyekuambia hivyo aliitazama spini peke yake, na spini peke yake haisemi kitu.

Nguvu ya kuinua inategemea kasi ya mpira kuliko kitu kingine chochote. Mpira unaotoka na maili 165 kwa saa unaweza kukaa hewani kwa spini 2,300, kasi inaufanyia kazi. Wako unatoka na maili kama 105. Kwa kasi hiyo, ukirukia digrii 8 na spini 2,100, mpira hauna cha kuushikilia. Unahitaji kurukia digrii 15 au 16, na spini iende karibu 2,800 au 3,000. Unaona? Wewe unahitaji spini zaidi, na uko kwenye hewa nyepesi ya Dodoma, kwa hiyo usibane hata kidogo.

Hiyo ya digrii 9 mrudishie mwenyewe. Tafuta ya digrii 12 au zaidi, shafti nyepesi na laini, kichwa ambacho uzito wake umekaa nyuma. Uzito ukiwa nyuma mpira unapanda kirahisi, na kichwa hakipindi sana ukikosea katikati. Uzito ukiwa mbele karibu na uso, spini inashuka na kichwa kinakuwa kikali kwa makosa. Vile vichwa vya spini ndogo vinatengenezwa hivyo. Watengenezaji TaylorMade walipotoa draiva ya SLDR mwaka 2013, yenye uzito mbele na chini, wao wenyewe waliendesha kampeni ya kuwaambia wachezaji wapandishe lofti. Watu wakasikia neno la spini ndogo, habari ya lofti wakaiacha.

Ukikosa ya kununua kwa sasa, anzia kwenye tii na fimbo ya mbao namba 3. Kwa mtu wa kasi yako inaweza kabisa kuipita draiva ya digrii 9, bila aibu yoyote.

NdefuKuliko

Nakupinga kidogo mkuu. Mimi kasi yangu ni maili 108, spini ilikuwa 3,600, mpira unapanda kama kishada. Nimehamia kichwa cha spini ndogo, sasa niko 2,500 na nimeongeza yadi za kutosha, tena za angani. Kwa hiyo hizo fimbo zinafanya kazi.

UpepoWaNzuguni

Mkuu NdefuKuliko, hapo hatupingani. Kwa maili 108, spini 3,600 ni hasara ya wazi, na wewe ndiye zilitengenezewa hizo fimbo. Ulipimwa, ukaonekana una ziada, ukaondoa ziada. Ninachokataa ni mtu asiye na ziada kwenda kupunguza.

Nikuulize tu, chaki ulijaribu kabla ya kununua? Mtu wa 3,600 mara nyingi anapiga chini ya uso au anashuka sana.

NdefuKuliko

Sikujaribu. Ila nina ile ya zamani bado, nitaipaka chaki nione. Jingine: hii mpya nilijaribu kuigeuza pale shingoni, kichwa kinapoungana na shafti, kushusha lofti digrii moja na nusu, ili ishuke zaidi. Mpira ukaanza kwenda kulia.

UpepoWaNzuguni

Ndivyo inavyokuwa. Kwenye draiva nyingi zenye shingo ya kugeuza, ukipunguza lofti uso unafunguka, ukiongeza lofti uso unajifunga. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, uso uliofunguka unapeleka mpira kulia, na unainamisha mhimili wa mzunguko kulia pia.

Hapa nieleze kitu kimoja, maana wengi wanaamini mpira una spini mbili, ya nyuma na ya pembeni. Mpira unazungukia mhimili mmoja tu. Mhimili ukiwa mlalo, mpira unakwenda moja kwa moja. Ukiinama kulia, ile nguvu ya kuinua nayo inainama, na mpira unakata kulia. Slaisi ni hiyo. Ndiyo maana kupunguza spini hakuponyi slaisi kama uso bado umefunguka kuliko njia ya fimbo.

Na jambo la Dodoma: hewa nyepesi inapunguza hata mkato huo. Slaisi ya uwanja wa Lugalo, Dar, ni kubwa kuliko slaisi yako ya huku kwa swingi ileile. Watu wanateremka Dar kwa mashindano, mpira unaanza kukimbilia miti, wanadhani wamerogwa. Ukiteremka pwani, lenga ukikumbuka hilo, na ujue mpira utapungua umbali.

MzabibuDom

Kuna jamaa anapaka mafuta ya mgando kwenye uso wa draiva, anasema mpira unanyooka. Hiyo vipi?

UpepoWaNzuguni

Kweli inapunguza msuguano, na spini inashuka. Lakini Kanuni ya 4.1 inakataza kupaka kitu kwenye kichwa cha fimbo ili kubadilisha utendaji wake, kusafisha tu ndiko kunakoruhusiwa. Kwenye raundi ni kuondolewa mashindanoni, na hata mazoezini unajifunza kitu ambacho hutakuwa nacho siku ya kazi. Hata hiyo shingo ya kugeuza huruhusiwi kuigeuza katikati ya raundi ukaendelea kuitumia. Panga nyumbani, kisha iache.

BintiChamwino

Asante sana kaka, nimekuelewa. Swali la mwisho: mwezi ujao nashuka Dar kikazi. Nikienda kupimwa niombe nini hasa, na zile namba za Dar zitafaa huku kwetu?

UpepoWaNzuguni

Zitafaa, ukijua zipi za kubeba. Kasi ya mpira, pembe ya kurukia na spini vinazaliwa pale fimbo inapogusa mpira, mwinuko haubadilishi hapo. Hizo zichukue kama zilivyo. Umbali na urefu wa kupaa ndivyo vinavyobadilika, kwa hiyo mwombe aweke mwinuko wa mita 1,100 kwenye mashine, nyingi zina sehemu hiyo. Ukipimwa Nairobi, wao wako kwenye mita 1,700 hadi 1,800 hivi, umbali utakaosomewa pale utakuwa mtamu kuliko ukweli wa huku.

Uliza kama mashine inaipima spini au inaikisia. Za bei nafuu, hasa za rada zikiwa ndani ya chumba kifupi, mara nyingi zinakokotoa spini kutokana na vitu vingine. Za kamera zinausoma mpira wenyewe ukizunguka. Kama ni rada ndani ya chumba, wengi wanatumia mpira wenye alama maalumu ili isome vizuri, mwombe.

Nenda na mipira unayochezea kila siku. Ile ya mazoezi iliyochakaa inatoa spini na kasi za ajabu, utanunua fimbo inayofaa mpira ambao huutumii. Piga ukiwa umepasha mwili, na usikubali akuonyeshe ule mpira mmoja bora. Tazama wastani, tazama zimetawanyika kiasi gani kushoto na kulia, na omba apake kitu kwenye uso muone unapogusa. Akianza kukuuzia kabla hajakuuliza unacheza wapi, muage kwa heshima.

Ukirudi weka namba hapa, tuzipige hesabu pamoja. Mumeo naye akapimwe, ile digrii 9 nina wasiwasi nayo hata kwake.